Mistari ya brashi kwenye tangi la Boxer: rangi ipi, na klia ipulizwe juu au la?

Kirumba_Spray

Wakuu, habari za kazi. Nina tangi la pikipiki ya Boxer 150, jeusi. Mteja ni wa bodaboda na stika hazitaki kabisa, anataka mistari ya mkono pande zote mbili: mmoja mnene wa kama milimita 4, na chini yake mwembamba wa milimita 1, rangi ya krimu, ifuate umbo la tangi toka mbele mpaka karibu na siti.

Kupuliza rangi za magari ndiyo kazi yangu ya kila siku, kompresa na bunduki vipo. Upande wa brashi ndio naomba wenye uzoefu mnielekeze kabla sijagusa:

- Brashi ya aina gani, na unaishikaje?
- Rangi iwe glosi ya mafuta ya hadwea au 2K ya gari (ile inayochanganywa na hadina, yaani kigumishi)?
- Klia (koti angavu la juu) ipite juu ya mistari, au mistari ikae juu ya klia? Nasikia klia huwa inaikunja.
- Pande mbili zinalingana vipi wakati jicho haliwezi kuziona kwa pamoja?

Tangi limeshapigwa beisi nyeusi (rangi ya chini inayongoja klia), klia bado.

BrashiNdefu

Mkuu, umeuliza wakati mzuri, maana hiyo beisi isiguswe na brashi ikiwa tupu. Beisi ikikauka inabaki na vitundu vidogo, inanyonya. Ukikosea ukafuta, krimu inabaki imejipaka kwenye weusi na haitoki mpaka upulize upya. Tapentaini nayo inaacha doa. Piga klia koti mbili, iache mpaka kesho yake, kisha msasa wa maji namba 1000 mpaka mng'ao wote upotee. Hapo utakuwa na uso mgumu ambao unachora, unafuta, unarudia, na beisi iko salama chini yake. Mistari ikishakauka ndiyo unakuja na klia ya mwisho.

Brashi: tafuta ya upanga, nywele za kindi. Nywele zake ni ndefu, kama sentimita 5, zimekatwa mshazari toka kisigino hadi ncha, na mpini ni mfupi. Namba 00 kwa ule mwembamba, namba 1 au 2 kwa ule mnene. Urefu wa nywele una kazi mbili. Kwanza zinabeba rangi ya kutosha kuvuta upande mzima bila kuchovya tena. Pili, zikilala juu ya tangi, mtikisiko mdogo wa mkono unaishia ndani ya nywele kabla haujafika kwenye ncha. Nailoni haifai: haishiki rangi, na ukiilaza inajiinua yenyewe. Usipoipata ya upanga, chukua brashi ya waandika mabango yenye nywele laini ndefu, ilowanishe mafuta ya cherehani ilale bapa, halafu ipunguze kwa wembe mpya upande mmoja, kidogo kidogo, mpaka ibaki ncha.

Rangi: glosi ya milangoni achana nayo. Pigmenti yake ni kidogo, krimu juu ya nyeusi itaonekana ya kijivu na utalazimika kurudia mara mbili, na mstari uliorudiwa haujawahi kuwa na kingo safi. Ya uhakika ni ya waandika mabango, mfano 1 Shot ya Marekani. Hiyo imejaa pigmenti, inafunika kwa mkupuo mmoja. Ukiikosa, tumia 2K ya koti moja, ile ambayo yenyewe inang'aa bila klia, pamoja na hadina yake na thina ya polepole. Beisi ya kawaida kwenye brashi inakauka ukiwa bado katikati ya mstari.

Kwa 2K pima kwa bomba la sindano, usikadirie kwa macho. Kama kopo limeandikwa 2:1, mililita 10 za rangi na 5 za hadina zinatosha tangi zima na nyingine utamwaga. Ikianza kuvuta nyuzi kwenye brashi, usiiongezee thina uokoe. Changanya nyingine.

Sasa kulisha brashi, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Weka rangi kwenye kifuniko cha chupa, na thina kidogo kwenye kifuniko kingine (tapentaini kwa rangi ya mafuta, thina ya 2K kwa 2K). Chovya brashi kwenye thina kwanza, halafu kwenye rangi, kisha ivute juu ya jalada la gazeti linalong'aa: upande huu, geuza, upande ule, mara kumi au zaidi, mpaka nywele zote ziwe zimeshiba sawasawa na brashi imelala bapa, ncha ni moja. Ukiona tone linaning'inia kwenye kisigino, hiyo rangi itashuka yote mwanzo wa mstari. Futa hapo. Brashi ikikwaruza na mstari ukakatika, ongeza tone moja la thina kwenye jalada, uvute tena. Mstari ukijitanua wenyewe na kingo zikaonyesha weusi wa chini, thina imezidi.

Kushika: mpini kati ya kidole gumba na cha shahada, nywele karibu zote zimelala juu ya tangi, na kidole kidogo kinateleza kwenye tangi kama mguu wa bikari. Vuta kuja kwako, mkono mzima utembee kutoka begani, vidole vitulie. Macho yaangalie sentimita chache mbele ya brashi, kule unakoenda. Unene wa mstari unatokana na mkandamizo, kwa hiyo ukibadilisha pumzi au ukisita, utauona. Kwenye kona, zungusha mpini taratibu kati ya vidole huku ukiinua kisigino, ncha ibaki peke yake.

Fanyia mazoezi kwenye kioo cha dirisha kilichosimamishwa wima au kwenye madigadi ya zamani, siyo kwenye karatasi. Karatasi inanyonya na itakudanganya.

Koti_Mbili

Naongezea kwenye klia, maana hapo ndipo matangi mengi huharibika.

Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa, kuanzia juu kwenda chini. Kesho yake ukiigusa ni kavu, ila ndani bado laini kwa siku kadhaa. Ukipuliza klia ya 2K yenye thina nyingi, thina inapenya lile gamba la juu, rangi ya ndani inavimba, mstari unakunjamana mbele ya macho yako. Ukishakunja hakuna dawa, ni kukwangua.

Kinga ya kweli ni hadina ndani ya rangi ya mstari. Zipo hadina zinazotengenezwa kwa ajili ya rangi za mabango, fuata kipimo cha kwenye kopo. Ukitumia 2K tatizo hili halipo kabisa, ndiyo maana kwa tangi hili ningekwenda na 2K. Mistari ilale usiku mmoja mahali pasipo vumbi. Asubuhi, pedi ya kijivu ya kusugulia ipitie maeneo meusi, na kwenye mistari iguse kidogo tu, maana ukiisugua sana krimu inageuka unga na kingo zinaliwa.

Koti ya kwanza ya klia iwe nyepesi kabisa, kama ukungu, isiloweshe. Ngoja ikamate, dakika kumi hivi kwa joto la huku. Rudia ukungu mmoja tena. Koti ya tatu ndiyo unaijaza. Kidole kikipita juu ya mstari bado utausikia umeinuka. Ukitaka uzame kabisa, acha ikauke, piga msasa wa maji 1000 na kibao cha mpira, simama kabla hujafika kwenye krimu, kisha malizia na koti mbili nyingine.

Saa za kazi nazo ziangalie. Kuchora ni asubuhi, kivulini, tangi likiwa la baridi: chuma kilichopigwa jua kinakausha rangi kabla brashi haijaondoka. Kupuliza klia subiri unyevu upungue, usipulize mvua ikikaribia, inaweka weupe. Mwaga maji sakafuni ulaze vumbi.

Na barakoa: hadina ya 2K ina isosayanati, inaharibu mapafu, na mwili ukishapata mzio nayo hata kiasi kidogo kinaleta pumu. Kitambaa au barakoa ya hospitali havizuii. Vaa ile yenye vichujio vya mkaa, na glavu hata wakati wa brashi.

Tapentaini

Koti_Mbili yuko sahihi kwa bodaboda, ila isionekane kwamba mstari bila klia ni kazi mbovu. Ukichora kwa rangi ya mabango juu ya klia iliyokomaa, mstari unabaki na uhai wake, unaonekana ni brashi. Na ukichubuka unafuta sehemu hiyo unachora tena, wakati mstari uliozikwa chini ya klia ukigongwa unapuliza upande mzima. BMW walianza na mistari myeupe juu ya nyeusi kwenye R 32 mwaka 1923, na R 18 ya miaka ya karibuni nayo imetoka na mistari miwili iliyochorwa kwa mkono. Royal Enfield pale Chennai wamefahamika kwa mistari ya brashi kwenye matangi yao. Mstari wa mkono una thamani kwa sababu unaonekana ni wa mkono.

Adui wake ni petroli. Bodaboda inajazwa kila siku, inamwagika, inafutwa na tambara lile lile lenye mchanga. Kwa mteja huyu weka klia. Kwa pikipiki ya kutembelea, acha wazi, na mstari uwe mbali na mfuniko, angalau sentimita 5.

Usafi wa uso: usitumie petroli kuondoa mafuta kabla ya kuchora, inaacha utando. Tumia dawa ya kuondoa nta au tapentaini safi, vitambaa viwili, kimoja chenye dawa hiyo na kingine kikavu kinachofuata hapo hapo kabla haijakauka. Tangi lililowahi kupakwa polishi ya matairi au dashibodi lina silikoni, na rangi itakimbia na kuacha vishimo vya duara. Ukiviona, usiongeze rangi juu. Futa yote, safisha mara mbili, anza upya.

Na brashi ukimaliza: ioshe kwenye thina mara mbili (ya 2K ioshwe dakika hiyo hiyo), kisha ipake mafuta ya cherehani, ipe umbo lake bapa, ilaze. Mafuta ya alizeti usithubutu, yanaganda taratibu na kuzigandisha nywele. Kabla ya kazi nyingine, toa mafuta yote, hata kwenye mzizi wa nywele, la sivyo utakuwa unachora vishimo.

Kirumba_Spray

Shukrani sana wakuu. Basi klia koti mbili, msasa 1000, 2K kwa brashi, ukungu, klia ya mwisho. Limebaki la pande mbili kulingana, na kama naweza kutumia tepu kwenye ule wa milimita 4.

BrashiNdefu

Tepu inaruhusiwa kama mwongozo. Chukua ya plastiki ya milimita 3, inayopinda kwenye kona. Masking tepu ya karatasi haipindi bila kukunjamana, na rangi inapita chini yake. Ibandike sambamba na unakotaka mstari, uache nafasi ya milimita 2 hivi, brashi ipite pembeni bila kuigusa. Ukichora kati ya tepu mbili utapata kingo zilizoinuka, na klia itazionyesha.

Kulinganisha pande: kata kadibodi, siyo karatasi laini, ifuate mbavu ya upande mmoja. Weka alama tatu za uhakika za kuanzia, mfano ukingo wa mshono wa chini, shimo la bolti la nyuma, na mdomo wa mfuniko. Chora mstari kwenye kadibodi, ukate, ichore upande wa kwanza kwa penseli nyeupe ya chaki, kisha igeuze uso kwa uso, ikae kwenye alama zile zile upande wa pili. Krayoni ya nta usitumie, rangi haishiki juu yake. Halafu simama mbele ya tangi hatua tatu, uangalie ncha mbili za mbele. Matangi hayajapinda sawasawa pande zote kiwandani, kwa hiyo zikipishana kidogo amini jicho, sogeza alama, achana na kadibodi.

Tangi lilaze juu ya tairi la zamani, upande unaochora uwe juu na usawa wa kifua. Anza na mstari mnene, upande unaokusumbua zaidi (wa kushoto kwa wanaotumia mkono wa kulia), kisha ule mwembamba ukiutumia mnene kama mwongozo. Ukiishiwa rangi katikati, inua brashi taratibu mstari uishe kwa ncha, lisha tena, uanzie ndani ya ule mstari sentimita 3 nyuma ukiwa na mkono mwepesi. Usirudi kugusa sehemu iliyoanza kukauka. Kosa dogo futa ndani ya dakika chache kwa kitambaa kilichozungushwa kidoleni chenye thina kidogo. Kwa 2K juu ya klia ya jana fanya haraka na usisugue, klia bado ni changa.

Koti_Mbili

Mwambie mteja mapema: baada ya klia ya mwisho tangi lirudi kwenye pikipiki kesho yake, ila petroli isimwagikie kwa wiki nzima. Ajaze kwa faneli, na tambara lililolowana maji likae limezunguka mdomo wa mfuniko. Ukiwa unalifunga, kagua mpira wa mafuta na koki, mpira uliochomolewa mara nyingi unavujisha pale pale chini ya mstari wako.