Mjadala: Kecha wa softiboli apige goti, au abaki kwenye miguu miwili?

Wadau wa softiboli, hamjambo.

Naomba tulizungumze hili waziwazi, kwa sababu makocha tunavutana na mabega yanayouma ni ya wasichana wetu. Kwenye semina niliyohudhuria tuliambiwa kecha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira wa mrushaji, aweke goti moja chini kwa kila mpira, besi (vituo anavyopita mkimbiaji) ziwe tupu au ziwe na watu. Baada ya hapo wenzangu kadhaa wameongeza lao: na arushe akiwa hapohapo magotini, asipoteze muda wa kuinuka.

Mimi nasema hivi. Besi zikiwa tupu, goti lishuke, sina neno. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza, msichana wa shule arudi kwenye miguu yake miwili. Na mpira wa kwenda besi ya pili, kumtoa mkimbiaji anayeiiba (anayeikimbilia bila mpira kupigwa), asiurushe akiwa magotini.

Mtindo huu umetoka besiboli ya Marekani, na katika ligi yao kuu ulishika kasi kuanzia mwaka 2020 hivi. Ulizaliwa na mpira wa chini. Kecha aliyeshusha goti glavu yake iko karibu na ardhi, kwa hiyo mpira unaopita usawa wa magoti ya mpigaji anaupokea akiupandisha, na mwamuzi anauona kama straiki, yaani mpira halali ambao mpigaji alipaswa kuupiga. Kwetu mpira wa kudondoka upo, ila warushaji wengi wazuri wa softiboli wanategemea pia mpira wa kupanda. Kecha aliyekita goti anaufuata huo kwa mkono tu, mwili umebaki chini. Na uangalieni vizuri ule uchezaji wa ligi kuu: wengi wanapokea wakiwa na goti chini, lakini mkimbiaji akiiba besi wanainuka, wanageuza nyonga, ndipo wanarusha. Watoto wetu wanaiga nusu ya kwanza wanayoiona kwenye simu, na sisi watu wazima tunaipitisha kana kwamba ndiyo mbinu nzima.

Mara nyingi nimetajiwa Benito Santiago, kecha wa besiboli wa San Diego Padres, mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa ya Marekani mwaka 1987, aliyewatoa wakimbiaji akiwa magotini. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini alikuwa mwanamume wa kulipwa mwenye mkono wa nadra, na mpira wa besiboli una gramu 142 hadi 149. Wa softiboli una gramu 178 hadi 198 na mzingo wa inchi 12. Umpe binti wa miaka 15 ambaye vidole vyake haviufikii mshono vizuri, umnyime miguu, kisha umwambie arushe kwa nguvu. Nguvu hiyo itatoka wapi kama si begani?

Nilikuwa na kecha wa umri huo. Nilimwachia arushe magotini msimu mzima kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa, nami nilinyamaza ingawa moyo ulikataa. Mwisho wa msimu hakuweza kuinua mkono kusuka nywele zake. Bado linaniuma.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hoja yao kubwa ni muda. Besi zetu zimeachana futi 60, hivyo kutoka kwa kecha hadi besi ya pili ni karibu mita 25.9. Mpira wa kilomita 80 kwa saa, tuseme wa aliyeinuka, unafika kwa sekunde 1.16. Wa kilomita 65 kwa saa, tuseme wa aliye magotini, unatumia sekunde 1.43. Hapo sijahesabu upepo wala mpira kupungua kasi njiani. Tofauti ni zaidi ya robo sekunde, na msichana anayekimbia mita 6 kwa sekunde ameshakula mita moja na nusu. Kwa hiyo muda uliookolewa kwa kutoinuka unaliwa na mpira unaoelea, isipokuwa kwa binti mwenye mkono mzito kwelikweli. Tusisahau pia kwamba kwetu mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Akitangulia, ni auti, yaani anatolewa. Kecha wa softiboli hashindani, kama yule wa besiboli, na mtu aliyekwisha kuchukua hatua tatu.

Ninavyofundisha mimi, kwa anayetumia mkono wa kulia: miguu ipanuke kupita mabega kidogo, wa kulia urudi nyuma kiasi cha nusu ya unyayo. Visigino viwe vyepesi, makalio yapande juu kuliko anapochuchumaa besi zikiwa tupu. Mkono wa kurushia ukunjwe ngumi nyuma ya glavu, usiachwe wazi kugongwa. Mpira ukifika, mguu wa kulia unaingia chini ya mwili kwa hatua fupi, bega la kushoto linatazama besi ya pili, glavu inauleta mpira sikioni, na vidole vinashika kukatiza mshono. Binti mwenye vidole vifupi atumie vitatu. Kiwiko kisishuke chini ya bega. Mpira uelekezwe chini, upande wa besi unaotazama besi ya kwanza, ili anayepokea amguse mkimbiaji bila kuinua glavu. Kosa ninaloliona zaidi ni kecha kusimama wima kabisa kabla ya kurusha. Huo ndio muda unaopotea, na dawa yake ni miguu kuzoezwa.

Nimerudi baada ya kusoma michango yenu.

Mmoja ameandika kwamba mechi tatu kwa siku zinaua magoti, na goti chini ni nafuu. Nakubaliana naye kabisa. Kwenye Olimpiki ya 2008 Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili. Sote tunausifu mkono wake, lakini kila mpira ule kuna mtu aliuchuchumalia. Ndiyo maana nikasema besi zikiwa tupu ashuke apumzike. Ila viwanja vyetu vingi ni vya murram, na vikinga miguu vinavyopokezanwa vimeisha sponji kwenye goti. Kabla ya kumwamuru binti akite goti pale, kocha alikite lake kwanza.

Mwalimu mwingine anasema kecha wake anazuia vizuri zaidi mpira unaodunda akiwa na goti chini. Kwa mpira unaomjia katikati, ndiyo. Kwa unaokwenda upande wa goti lililokitwa, mimi naona anachelewa kusukuma, lakini hapa sitang'ang'ana. Nikiona kecha anayeufikia nitabadili mazoezi yangu.

Dada aliyeuliza kuhusu kurusha besi ya kwanza kumnasa mkimbiaji aliyezubaa: hapo magotini panafaa, maana ni futi 60 tu na mtu anashtukizwa. Mara mbili tatu kwa mechi, si kila mazoezi.

Wenye saa za kupimia, naomba jambo moja. Mpimeni kecha wenu mipira 10 akiwa magotini na 10 akiinuka, tangu mpira ugonge glavu yake hadi ufike glavu ya besi ya pili. Andikeni hapa namba zote 20 pamoja na umri wake, na mseme kama bega lilimuuma kesho yake.