Mjadala: Ofisi za umma zibaki na dirisha la karani, au kila kitu kiende mtandaoni?

Mzee wa Saiba, Kayole:
Najua wengine mtaniona nimepitwa na wakati, lakini acha niulize. Mwaka 2004 niliandikwa kazi kwenye saiba moja ghorofa ya pili, Mtaa wa Tom Mboya. Kompyuta kumi na mbili, feni moja, na daftari la kuandika saa aliyoingia mteja. Mtandao ulitegemea setilaiti, kwa hivyo mtu alifungua baruapepe, akashuka kununua chai, akarudi na ukurasa bado umefika nusu. Na dakika zinahesabiwa! Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari, nilijiambia kazi yangu imekwisha.

Haikuisha. Leo nina duka langu Kayole, kompyuta nne na printa moja yenye kiburi, na wateja wananizidi kuliko enzi zile. Zamani walifuata mtandao. Siku hizi mtandao wanao mfukoni na bado wanakuja, kwa sababu wanataka mtu wa kuuliza.

Juni ikielekea ukingoni ndiyo utaona. Kijana hana kazi wala mshahara, ila ana PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na kufikia tarehe 30 anatakiwa atangaze kwamba hakupata kitu. Namtoza shilingi mia moja ili atangaze kwamba hana kitu. Nichekeni, lakini nakula.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Mama mmoja alinitajia paswodi, PIN ya simu na nambari ya kitambulisho kwa pumzi moja, mbele ya wateja wanne. Mimi si karani wa serikali. Sikuapishwa popote. Mambo yake yakiharibika, atamshtaki nani?

Msimamo wangu: mtandao uendelee, ila kila ofisi ya umma iwe na dirisha lenye mtu, na asiyeweza simu asirudishwe nyumbani. Haya, nipingeni.

Binti wa Roysambu:
Mzee wangu, shikamoo. Sasa nikupinge. Hilo dirisha unalolililia mimi nalijua. Baba alifuatilia karatasi za kiploti chake kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Safari ya kwanza, faili haionekani. Ya pili, haionekani. Ya tatu, karani yuko likizo. Ya nne akatoa ya chai, na faili ikaonekana kabla hata hiyo chai haijachemka.

Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ilipozinduliwa Aprili 2021, ikianza na rekodi za Nairobi hapa, nilimwambia baba angalau sasa mtu anaweza kutuma ombi la kupekua hati akiwa kitandani kwake. Sisemi mfumo hausumbui. Unasumbua sana. Lakini ukisumbua unatusumbua sote sawa, hauangalii nani amevaa viatu gani. Ukirudisha dirisha, umemrudisha na mwenye kulikalia.

Mzee wa Saiba, Kayole:
Marahaba, binti yangu. Chai haijaisha, imehama tu. Kuna wanaoketi hapa kwangu nikawatumia ombi, kisha wananionyesha nambari ya "mtu wa ndani" wa kulisukuma. Mfumo unapokea, lakini anayebonyeza kukubali bado ni binadamu.

Aliyekuwa Makanga, Rongai:
Mmesahau nauli? 2014 serikali iliamuru matatu ziache pesa taslimu, abiria walipe kwa kadi. Nilikuwa mlangoni mwa gari wakati huo, niulizeni mimi. Kila kampuni na kadi yake, mashine ya huyu haisomi kadi ya yule, halafu inazima chaji mko Bomas na gari limejaa. Dereva anataka mafuta sasa hivi, si kesho pesa zikishaingia benki. Na nisiwadanganye: tajiri mwenye gari angeona kila shilingi, na sisi hatukutaka aone kila shilingi.

Ikafa. Leo panda gari lolote la Rongai uhesabu wanaolipa kwa simu. Hakuna aliyewalazimisha. M-Pesa ilianza 2007, watu wakaizoea kwa kutumiana pesa za nyumbani, mwishowe ikafika hadi kwenye nauli. Na mzee akitoa noti, inapokelewa. Kwangu mimi, aliyeamrisha alishindwa, aliyengoja akafaulu.

Mwalimu, Kibera:
Mnabishana kuhusu dirisha, hamuulizi linazungumza lugha gani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Fomu ninazowasaidia wazazi kujaza simuni, karibu zote nimezikuta kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mzazi anayeuza samaki na kupiga hesabu za mkopo wa chama kichwani, bila karatasi, anaambiwa hajui teknolojia. Anaijua. Hajaelewa tu anaulizwa nini.

Fundi Stima, Umoja:
Na siku mfumo ukilala? Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa na wadukuzi, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajigamba ndilo lililohusika, watu walikwama hata kununua tokeni za stima. Mei 2024 nyaya za baharini zikakatika, mtandao ukatambaa Afrika Mashariki nzima. Bila dirisha unaenda wapi?

Binti wa Roysambu:
Fundi, na kompyuta ya huyo karani wa dirishani inatumia mtandao gani? Si ule ule?

Mzee wa Saiba, Kayole:
Hapo Fundi ameshikwa, na mimi pia. Mtandao ukilala, karani naye atakuambia rudi kesho. Basi nibadilishe ombi langu kidogo. Dirisha silitaki kwa ajili ya siku mfumo umelala. Nalitaka kwa siku za kawaida, awepo mtu aliyelipwa kujibu maswali, tena kwa Kiswahili kama anavyosema Mwalimu, na asiwe na uwezo wa kushika faili ya mtu. Ajibu tu. Huyo sijui atakunywa chai gani.

Binti wa Roysambu:
Wa kujibu tu, bila mamlaka juu ya faili? Huyo namkubali. Lakini mzee, si atakunyang'anya wateja?

Mzee wa Saiba, Kayole:
Atanyang'anya, ndiyo. Nitabaki na printa. Hebu nitoke kidogo, kuna mama mlangoni na bahasha ya kaki.

Binti wa Roysambu:
Mwambie PIN asiitaje kwa sauti.