Ukoo wa Kota Namba 14

*Jumatano*

Mama Shamim 07:12
Asalaam aleikum. Nakumbusha mara ya tatu. Jumamosi tunamuaga Rehema, ndege yake Jumatatu. Saa moja jioni, ile hoteli ya Kiitaliano, tawi la Kololo, SIYO lile la Bugolobi. Kila kichwa 60,000, watoto nusu. Mwisho wa kutuma ni leo. Na mtume na ya kutolea, mara iliyopita nilikatwa mimi.

Mama Shamim 09:40
Watu 19 mmesoma. Tiki za buluu zimejaa, majibu hakuna.

Mjomba Tororo 09:58
Waaleikum salaam. Hapo kuna posho, ugali wetu?

Mama Shamim 09:59
Mjomba jamani. Ni Waitaliano.

Rehema 10:05
Mjomba, hata wao wanayo. Kule kaskazini mwa Italia inaitwa polenta. Unga wa mahindi, maji, chumvi, inasongwa kama yetu.

Mjomba Tororo 10:07
Alaa! Basi waniwekee hiyo. Mukene, dagaa wetu, nitakuja nao mwenyewe kwenye mfuko.

Hamza 10:09
😂😂 Mfuko ule wa Entebbe?

Shangazi Jalia 10:11
Hamza usianze.

Shangazi Jalia 10:14
Maana mkianza nitasema. Nani alifunga samaki wawili kwenye foili akaondoka kabla bili haijafika? Bili nililipa mimi. Barabara ya kulipia 5,000 kwenda, 5,000 kurudi, mimi. Gari lilikuwa na watu saba.

Baba Twaha 10:19
*Ujumbe huu umefutwa*

Hamza 10:19
Tumeshausoma kaka

Mama Shamim 10:22
Tafadhali tusitoke kwenye mada. Waliotuma mpaka sasa: mimi, Jalia, Hamza nusu (Hamza wewe si mtoto). Meza nimeshaiwekesha, watu 17, na wametaka malipo ya kwanza, nimetoa yangu.

Hamza 10:25
60,000 kwa mkate wenye nyanya juu? Rolex, chapati ya mayai, pale stendi ni bei gani?

Mama Shamim 10:31
Nimepiga hesabu. Bei za kwenye menyu hazina kodi, unaongeza asilimia 18. Hapo hujanywa hata soda. Mkate wa kitunguu saumu nao unalipiwa, vipande vinne kwa sahani, nimevihesabu kwenye picha.

Rehema 10:36
Pole Shangazi, wazo lilikuwa la watoto wangu. Kule tunakoishi wamezoea hoteli za Olive Garden. Chakula cha Kiitaliano ila ni ya Wamarekani, ilianza Florida mwaka 1982. Ukishaagiza chakula, saladi na ile mikate mirefu wanakuongezea mpaka useme basi.

Hamza 10:37
Mpaka useme basi? Hawamjui Mjomba. Wangefungua Tororo asubuhi, adhuhuri wameshafilisika.

Mjomba Tororo 10:52
Nauliza kwa nia njema. Huo mkate unaruhusiwa kuubeba?

Shangazi Jalia 10:53
Muulizeni mtaalamu wa foili.

Mama Shamim 17:45
Jioni imefika. Atakayekuwa hajatuma saa tatu usiku, nafasi yake nampa mwingine. Twaha, nakuona uko hewani toka asubuhi. Baba yako naye kafuta ujumbe kanyamaza. Nyinyi mmo au hammo?

Mama Shamim 18:30
Twaha?

*Alhamisi*

Shamim (simu ya Bibi) 06:20
Bibi anasema niandike kama alivyosema, nisipunguze:
Nimesomewa yote. Mwaka 1977 reli ya Afrika Mashariki ilipogawanywa, babu yenu alikaa bila mshahara. Mkate ukiingia kota ulikuwa mmoja. Aliukata kwa uzi ili vipande visipishane, na hakuna mtoto aliyeulizwa ametoa nini. Leo mna meza ya watu 17 na mnamhesabia Twaha mbele za watu. Twaha akibaki, na mimi nakula nyumbani. Entebbe sitaki kuisikia tena.

Shamim (simu ya Bibi) 06:21
Amesema nisiweke vile vya kucheka.

Mama Shamim 09:15
Nimesikia Mama.

Mama Shamim 09:16
Twaha mwanangu, wewe njoo tu.

Twaha 12:48
Ahsante Shangazi. Sikunyamaza kwa ubaya. Jumamosi jioni ndiyo siku yangu ya abiria, boda siku nyingine ni mafuta tu. Nitaangalia.

Mama Shamim 12:50
Utaangalia ni ndiyo au hapana? Bibi umemsikia.

Rehema 13:20
Samahani, mume wangu anauliza, amejitia kwenye kalenda Jumamosi saa saba mchana. Ndiyo hiyo?

Hamza 13:21
Shemeji kaona "moja" kaandika moja ya kwao 😂 Atawakuta wanadeki

Mama Shamim 13:24
Saa moja JIONI. Jua limezama. Mwambie asiende peke yake.

Shangazi Jalia 15:02
Mama, samaki nimesamehe. Za barabara bado.

Mama Shamim 20:33
Nimewapigia hotelini. Kuku na ng'ombe wanasema wanachukua kwa mchinjaji Mwislamu. Tambi za karbonara msiguse, zina nguruwe. Pitsa ya ham vile vile. Ile keki ya kahawa, tiramisu, ulizeni kwanza kama imetiwa kileo.

Shangazi Jalia 20:41
Na kile kigurudumu cha kukatia pitsa? Kinakata zote?

Mama Shamim 20:58
Hilo sikuuliza.

Mjomba Tororo 21:03
Ndiyo maana mimi nilisema mukene.

Mama Shamim 21:10
Mjomba, basi utapanda la saa ngapi? Foleni ya Namanve unaijua. Na utalala kwa nani?

Mjomba Tororo 21:40
Kwa Jalia.

Shangazi Jalia 21:41
Tangu lini?

*Ijumaa*

Mama Shamim 08:05
Kuna 60,000 imeingia usiku, na ya kutolea juu yake. Namba siijui, jina limetoka la duka la vipuri. Ni ya nani na inamlipia nani?

Hamza 08:30
Si mimi, mimi bado nusu

Mama Shamim 08:31
Najua si wewe.

Mama Shamim 11:17
Jamani semeni. Hoteli wanataka idadi kamili leo, mimi nina watu tisa wa uhakika.

Baba Twaha 14:26
Ndiyo naamka, nilikuwa zamu ya usiku. Ni Bugolobi, siyo?