CV ya kuhama fani: mpangilio wa tarehe, wa ujuzi, au wa kuchanganya?

Nahodha_Likoni
Salaam aleikum jamaa. Kuna mtunza stoo wa hoteli huku Bamburi, Mombasa, miaka 8 kazini, ana diploma ya ununuzi na ugavi. Anataka kuingia kampuni ya kliaringi (ya kutoa mizigo forodhani) hapa mjini. Ameletewa sampuli tatu za CV: moja inaanza na kazi ya karibuni na kurudi nyuma, nyingine inatanguliza ujuzi na kazi zinatajwa mwishoni bila tarehe, ya tatu imechanganya zote mbili. Ashike ipi?

KaraniKilindini
Ya kuchanganya. Ile ya tarehe tupu, anayechambua maombi atakutana na hoteli kuanzia juu hadi chini na kuiweka kando. Ya ujuzi tupu ni mbaya zaidi: tarehe zisipoonekana, mtu hushuku pengo au kufukuzwa.

Juu aweke jina, simu, barua pepe na mtaa. Dini, ndoa na nambari ya kitambulisho havina kazi hapo. Chini yake mistari mitatu inayotaja kazi anayoomba, kisha ujuzi wa aina nne au tano, kila mmoja na ushahidi wake. Ndipo zije kazi, kwa mwezi na mwaka. Kurasa mbili, basi.

Penye ushahidi ndipo wengi wanapoanguka. "Mzoefu wa kutunza kumbukumbu" haisemi kitu. Aandike: "Nililinganisha LPO, ankara na noti ya mzigo kwa kila bidhaa iliyopokewa, na kuzuia malipo palipokuwa na tofauti." (LPO ni oda ya ununuzi. Kwenye CV yenyewe ataandika kwa Kiingereza, bila shaka.) Kliaringi ni macho yale yale: ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena zikitofautiana uzito au idadi, kazi inakwama forodhani, na kontena likipitisha siku za bure bandarini gharama zinaanza kupanda. Mwenye kampuni anamtafuta mtu wa kuiona tofauti hiyo kabla ya afisa wa forodha.

MamaTudor
Naam, lakini cheo kisiguswe. Barua ya ajira ikisema mtunza stoo, CV isiseme "afisa wa lojistiki". Simu moja tu kwa mwajiri wa zamani na mambo yameharibika. Aache cheo kama kilivyo, maelezo ya chini yake ndiyo yaelekee bandarini. Na tarakimu aweke zile anazoweza kuzieleza akiulizwa: idadi ya bidhaa stoo, wauzaji aliowashughulikia, kila baada ya muda gani walihesabu mali.

Chuma_Changamwe
Kwa kampuni binafsi sawa. Kwa mashirika ya umma na kaunti napinga. Huko mara nyingi unajaza fomu mtandaoni, na fomu inataka kazi kwa tarehe. Hakuna pa kuchanganya. Nguvu yote iende kwenye maelezo ya kazi ya mwisho, kwa maneno ya tangazo lenyewe. Tangazo likitaka miaka 3 ya kazi husika, mpangilio wowote hautamwokoa. Pia aanze mapema kutafuta cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), na vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu), EACC (maadili) na CRB (rekodi ya mikopo), kwani huombwa sana huko.

KaraniKilindini
Hapo sina ubishi. Nilikuwa nasemea kampuni binafsi.

MamaTudor
Jambo jingine: zile CV za mapambo, zenye safu mbili, picha na vistari vya kuonyesha "Excel asilimia 80". Programu za kuchuja maombi huzisoma vibaya, zikachanganya safu ya kushoto na ya kulia. Safu moja, herufi za ukubwa wa 11, PDF iliyohifadhiwa kutoka Word, si ya kuskani. Kuipima ni rahisi: nakili maandishi yote ya PDF, yabandike kwenye ujumbe mtupu. Yakitoka yamevurugika, au simu imepotea kwa kuwa iliwekwa kwenye kichwa cha ukurasa, arekebishe.

Nahodha_Likoni
Shukran. Na kwa kuwa hajawahi kugusa forodha?

KaraniKilindini
Asijifanye anaijua iCMS, mfumo wa forodha wa KRA. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, EACCFPC, kinachofundishwa KESRA, chuo cha KRA. Akijiandikisha, kozi iingie juu, kabla ya diploma, na mwezi anaotarajia kumaliza. "Anaendelea" peke yake haitoshi. Sababu ya kuhama aiweke kwenye barua, sentensi moja, bila kulaumu hoteli. Rasimu ikiwa tayari ibandike hapa, ukiondoa jina na simu.