Mjadala: Maelezo ya zana za AI yaandikwe na nani, programa au mwenye kazi?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Biashara nyingi sasa zinaweka mawakala wa AI wajibu wateja, waangalie miamala, hata waanzishe malipo. Wakala huyo hupewa zana, yaani programu ndogo anazoweza kuziita zimfanyie kazi, na tangu OpenAI walipowawezesha waundaji kuunganisha modeli (ile AI yenyewe inayosoma na kujibu) na funksheni za programu zao Juni 2023, hadi Anthropic walipotoa itifaki ya MCP, kanuni za pamoja za kuunganisha modeli na zana, Novemba 2024, utaratibu haujabadilika sana: kila zana ina jina, maelezo na vigezo vyake, yaani taarifa za kujazwa. Msimbo ulio nyuma ya zana, yale maagizo aliyoyaandika programa, modeli haiuoni. Inasoma maelezo hayo, basi, kisha inaamua.

Msimamo wangu ni kwamba maelezo hayo yaandikwe na anayeifanya kazi yenyewe: mtu wa huduma kwa wateja, mhasibu, mpokezi wa zahanati. Programa akague tu upande wa data.

Chukueni ombi la malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom ya Kenya wa kuunganisha programu za biashara na M-Pesa. Programa ataandika: "Hutuma ombi la malipo. Vigezo: simu, kiasi." Kwake imetosha. Mtu wa dawati la wateja anajua kwamba wateja huandika namba kwa kuanza na 07, ilhali Daraja inataka 2547. Anajua pia kwamba ombi likitumwa, pesa bado hazijaingia. Mteja ameombwa tu aweke PIN kwenye simu yake. Yeye angeandika hivi: "Jibu la ombi la kwanza likichelewa, usitume lingine kabla ya kuangalia hali ya muamala. Mteja akisema ameshalipa, usitumie zana hii. Tumia ya kuangalia muamala." Hapo wakala ameambiwa lini asiiguse zana, na hilo ndilo linalokosekana kwenye maelezo mengi ninayoyaona.

Na zana ya miadi je? Mgonjwa akisema "saa mbili", mpokezi humuuliza kwanza: asubuhi au usiku? Kisha anaandika 08:00 au 20:00. Kigezo kilichoandikwa "saa" peke yake hakimfundishi wakala kuuliza swali hilo.

Mchangiaji wa pili, programa:
Ndugu, hapa sikubaliani nawe. Maneno hayazuii kitu. Namba ya 07 igeuzwe na programu kabla ya kutumwa. Malipo ya mara mbili yazuiwe kwenye msimbo, kwa kuipa kila oda namba yake moja ya kumbukumbu. Tena maelezo marefu hupakiwa kwenye kila mazungumzo, na kila tokeni, yaani kipande cha neno ambacho modeli inakisoma, inalipiwa. Halafu kuna hatari: mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kuwa ndani ya maelezo ya zana ya MCP zinaweza kufichwa amri ambazo modeli inazitii bila mtumiaji kujua. Mkiyategemea maandishi namna hiyo, mmejiweka pabaya.

Mwanzisha mada:
Kwenye namba na kumbukumbu ya oda nakubaliana nawe kabisa, hayo yakae kwenye msimbo. Lakini msimbo hauchagui zana. Mteja ameuliza kama malipo yake yamefika, wakala akaita zana ya kurejesha pesa: namba ni sahihi, kiasi ni sahihi, oda ipo. Ukaguzi wako utaipitisha. Kosa lilishatokea pale modeli ilipokuwa ikisoma maelezo.

Kuhusu urefu, punguzeni zana kabla ya kupunguza maneno. Nimeona mfumo wenye "tafuta_mteja", "pata_mteja" na "mteja_taarifa", na hakuna aliyeweza kunieleza tofauti yake. Hata binadamu angekwama hapo. Na hizo amri zilizofichwa zinanipa sababu zaidi ya kutaka mwenye kazi ayasome maelezo yote kabla zana haijawashwa, hata yanayotoka nje. Akikuta zana ya hali ya hewa inaomba faili za siri, atashtuka.

Mchangiaji wa tatu:
Mtu wa dawati la kwetu ataandika kwa Kiswahili, na modeli nyingi hukikata Kiswahili tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Gharama hiyo nani ataibeba?

Mwanzisha mada:
Aandike kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu huko ndiko anakoijua kazi. Mkitaka kuyatafsiri baadaye, sawa, ila pimeni matoleo yote mawili kwa maswali yaleyale ya wateja, yakiwa na makosa yao ya tahajia, mhesabu ni lipi lililochagua zana sahihi mara nyingi zaidi. Mwenye vipimo vya namna hiyo aviweke hapa, hata kama vinanipinga.