Je, aliyetiwa hatiani alazimishwe kuipa serikali vinasaba vyake?

Wachangiaji wawili walionitangulia wamesimama mbalimbali. Mmoja anataka kila anayekamatwa na polisi achukuliwe sampuli ya vinasaba, kwa kuwa asiye na kosa hana cha kuogopa. Wa pili anasema hata mfungwa asiguswe, kwa kuwa mwili wa binadamu si mali ya serikali. Mimi naona aliyetiwa hatiani kwa kosa zito, kama mauaji, ubakaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, alazimike kutoa sampuli, na mpaka huo wa hukumu ya mahakama usisogezwe.

Namjibu kwanza huyu wa pili, maana hoja yake ni nzito. Mwaka 1985, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo kwa kumbaka na kumuua mtoto wa kike wa miaka 9, na mashahidi watano walisimama kizimbani kudai kuwa walimwona. Kesi iliporudiwa alitiwa hatiani tena, safari hii akapewa kifungo cha maisha. Vinasaba vilimtoa gerezani mwaka 1993, lakini kutoka gerezani hakukumsafisha machoni pa watu wote, kwa sababu muuaji mwenyewe alikuwa bado hajulikani. Mwaka 2003 ndipo ushahidi wa vinasaba wa kesi hiyo ulipolinganishwa na kanzidata ya wahalifu waliokwisha kuhukumiwa, ukamwangukia mtu mwingine, ambaye kumbe walikuwa wamefungwa naye gereza moja, yeye akitumikia adhabu ya kosa jingine. Kama vinasaba vya mtu huyo visingekuwa kwenye kanzidata, Bloodsworth angeendelea kunyooshewa vidole. Anayetetea haki za wafungwa asisahau kwamba miongoni mwao wamo wasio na hatia, na kanzidata hiyo hiyo ndiyo inayoweza kuwaokoa.

Kuhusu heshima ya mwili, tuangalie kinachofanyika hasa. Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu kwa sekunde chache. Maabara haisomi vinasaba vyote vya mtu, bali husoma sehemu chache tu, ambazo kwa Marekani ni 20 tangu mwaka 2017, na katika kila sehemu huhesabu kipande kifupi kinajirudia mara ngapi. Kinachohifadhiwa kwenye kanzidata ni safu ya tarakimu. Hatari kubwa zaidi imo katika kile kijiti chenyewe kikiachwa kabatini, kwa sababu kinaweza kupimwa upya kutafuta maradhi ya kurithi au kujua baba halisi wa mtoto ni nani, na kila mmoja wetu anajua jambo hilo la pili linavyoweza kuvunja nyumba. Kwa hiyo sheria iamuru sampuli iteketezwe mara tarakimu zinapopatikana. Tarakimu nazo zinaweza kumwelekeza mpelelezi kwa ndugu wa damu wa mfungwa, na upekuzi wa namna hiyo usifanyike bila amri ya hakimu.

Sasa nije kwa anayetaka kila aliyekamatwa apimwe. Mwaka 2013, katika kesi iliyotoka Maryland hiyo hiyo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jambo hilo kwa makosa mazito, majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Antonin Scalia, aliyekuwa upande wa wachache, alitoa hoja ambayo sijaona ikijibiwa: atakayetiwa hatiani atachukuliwa sampuli baada ya hukumu, kwa hiyo mzigo wa ziada unamwangukia yule atakayeachiwa huru. Huko Uingereza, mvulana wa miaka 11 alikamatwa mwaka 2001, akaachiwa huru na mahakama, lakini polisi wakakataa kufuta vinasaba vyake, mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua kwa kauli moja mwaka 2008 kwamba kufanya hivyo kulikiuka haki zake. Kuwait ilikwenda mbali zaidi ikatunga sheria mwaka 2015 ya kupima watu wote nchini, na Mahakama ya Katiba ikaibatilisha mwaka 2017.

Zaidi ya hayo, wingi wa sampuli una gharama yake. Afrika Kusini, yenye sheria nzuri ya mwaka 2013, ilijikuta mwaka 2021 ikiwa na sampuli zaidi ya 170,000 zinazosubiri kupimwa, huku kesi za ubakaji zikikwama mahakamani. Tanzania tunayo sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayotegemewa. Anayetaka kuongeza maelfu ya watu waliokamatwa tu kwenye foleni hiyo atueleze sampuli ya mwanamke aliyebakwa jana itapimwa lini.