Tupeane uzoefu: kulala gesti za kifamilia kwenye miji ya milimani Italia

MzeeWaTabata
Wakuu, habari za humu ndani.

Mwishoni mwa Septemba mimi na mama watoto tunakwenda Verona kumsalimia shemeji. Tukiwa huko tumepanga tuchomoke siku nne tupande milimani, mji unaitwa Ortisei, kwenye safu ya Dolomiti. Hoteli zake bei zinatia kizunguzungu, ila nimeiona gesti moja ya familia, vyumba saba, mama mwenye nyumba anapika mwenyewe. Nikisema gesti msianze kucheka, hii si zile za nyuma ya stendi.

Waliowahi kulala sehemu za namna hiyo, Italia ya milimani, siyo Roma wala Milano, tupeane uzoefu. Ulilipaje, ulifikaje, ulikwama wapi. Ushauri wa "beba sweta" ninao tayari. Nataka yaliyokukuta wewe mwenyewe.

Kipara_Ngoto
Hela yote hiyo si uende Lushoto tu? Milima ipo, baridi ipo, na Kiswahili kinaongewa.

MzeeWaTabata
Lushoto nimekwenda mara tatu mkuu. Tatizo shemeji hakai Lushoto.

Mwambao_Malindi
Mimi niliponzwa na kiburi. Miaka mingi nimefanya kazi na Wataliano hapa Malindi, Kitaliano nakiongea mpaka mizaha yao naijua. Mteja wangu wa zamani akanialika kwao, na mji wenyewe ndio huo wako. Nikashuka treni Bolzano kifua mbele, nikaenda kituo cha basi. Likaja basi, ubao wa mbele umeandikwa St. Ulrich. Nikaliacha. Likaja jingine, St. Ulrich tena, nikaliacha. La tatu nikamfuata dereva: la Ortisei linapita saa ngapi? Akanitazama, akanyoosha kidole juu ya kioo. Kumbe ule ubao hugeuka! Ukiusubiri kidogo, St. Ulrich inaondoka, Ortisei inakuja. Mji ni mmoja, majina mawili. Na wenyeji wa bonde lile wana la tatu, Urtijëi, kwa lugha yao wenyewe, Kiladini.

Mkoa ule ulikuwa chini ya Austria mpaka Vita vya Kwanza vilipoisha, Italia ikapewa kwa mkataba wa 1919. Ndiyo maana wengi mkoani wanaongea Kijerumani. Kufika gesti, bibi wa nyumba akanisalimu kwa Kijerumani, akamgombeza mjukuu kwa Kiladini, Kitaliano akakitoa mwisho, kama mtu anavyotoa sahani za wageni. Changu cha Malindi kilikuwa kinateleza kuliko chake, na hakikunisaidia kitu. Andika majina yote matatu kwenye karatasi, mzee.

DadaWaBologna
Nimeishi Italia miaka tisa, nikajiona mwenyeji. Mwaka juzi nikabuku chumba kwenye kijiji cha milimani upande wa Trentino. Wakaniuliza kwa barua pepe: utafika saa ngapi? Sikujibu. Mjini ukifika hotelini hata usiku wa manane, mtu wa mapokezi yupo.

Treni ikachelewa, basi la mwisho likaniacha, nikachukua teksi kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mume wangu yumo humu. Saa nne na dakika arobaini usiku niko mbele ya mlango. Giza. Taa moja tu ya zizi ng'ambo ya barabara, na harufu ya samadi. Nagonga, kimya. Simu haishiki mtandao. Nikakaa juu ya begi kama dakika ishirini, nimeshaanza kupanga jinsi ya kulala zizini, ndipo nikaona chungu cha maua dirishani na bahasha pembeni yake imebanwa na jiwe. Imeandikwa jina langu kwa herufi kubwa. Ndani mna ufunguo wa chumba namba 4 na kikaratasi: panda ghorofani, supu ipo jikoni kwenye sufuria ya bluu, vua viatu.

Asubuhi ndiyo nikaonana na mama mwenyewe, wa miaka sabini hivi. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba alinisubiri sebuleni mpaka saa nne, na kwamba saa kumi na moja alfajiri huwa ameshaamka kuoka mikate. Heri angenifokea. Pale mapokezi ni yeye, mpishi ni yeye, na mashuka anafua yeye. Na mchana pia mjihadhari, kati ya saa saba na saa kumi wengi wanapumzika, mnaweza kukuta mlango umefungwa.

MzeeWaTabata
Dada umenitisha, ratiba ya mabasi ya Bolzano naitafuta leo leo. Swali jingine. Wanataka *caparra*, asilimia 30, niitume kwa benki. Na viza sijaenda hata kuomba. Nitume?

Mama_Wawili
Hapo ndipo nilipoumia mimi. *Caparra* ni hela ya kushikia chumba, ukighairi wewe ujue imekwenda. Niliituma kabla ya viza, viza ikachelewa, tarehe zikatupita. Nikamwandikia mwenye nyumba ukweli wote bila kupamba, akatusogezea hadi mwezi uliofuata bila kuongeza senti. Ila ulikuwa ubinadamu wake tu, hakuwa na deni na mimi.

Siku hizi naomba kwanza barua ya uthibitisho ya kuombea viza, pesa kubwa natuma viza ikishatoka. Wengine wanakubali kungoja ukiwaeleza. Barua iwe na majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuingia na kutoka, na anwani kamili. Yangu ya kwanza iliandikwa "familia, watu 4", wakanirudishia dirishani.

Maombi ya viza ya Schengen, ndiyo inayotumika Italia, unaweza kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Malazi uonyeshe ya kila usiku, pamoja na zile siku za Verona, kwa hiyo shemeji aandike *dichiarazione di ospitalità*, yaani tamko kwamba mtalala kwake, na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Hili mashemeji hulisahau mpaka uwe umeshafika dirishani.

Ukifika gesti, mama atachukua pasipoti zenu azinakili. Mimi nilibabaika, nikadhani tumefanya kosa. Ni sheria ya nchi, mwenye nyumba anatakiwa apeleke taarifa za wageni wake polisi ndani ya saa 24. Kuna na kodi ya wageni, *tassa di soggiorno*, euro chache kwa kila kichwa kwa kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, na wengi wanaitaka taslimu.

Bi_Shangani
Hakuna aliyesema la chakula, wacha niseme mie. Sisi Waislamu. Milima ile nyama yao ni *speck*, paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Asubuhi liko mezani limekatwa jembamba kama karatasi, hilo unaliona, unalikwepa. Tabu ni lile usiloliona. Usiku wa kwanza nikaletewa *canederli*, madonge ya mkate uliolowekwa kwa maziwa na mayai, yanaelea ndani ya supu. Yananukia vizuri! Nikalipasua moja kwa kijiko, kidogo tu nitie mdomoni, nikaona vipande vyekundu vidogo vidogo kama punje za komamanga. Speck imo ndani. Nikaweka kijiko chini. Maskini bibi wa watu akaja mbio, akidhani chumvi imezidi.

Kesho yake akanipikia ya mchicha na jibini, sufuria mbali. Na kila jioni akawa ananiita jikoni kunionyesha vitu kabla hajapika, mpaka tukawa marafiki. Lakini angejua mapema nisingelala na mkate mkavu usiku ule. Mwandikie sasa hivi: *niente maiale, niente alcol*, yaani bila nguruwe, bila pombe. La pombe usilisahau, divai wanaitia hata kwenye mchuzi wa nyama.

Kama umechukua *mezza pensione*, yaani kulala, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, basi wakikwambia saa moja ni saa moja kweli. Na sahani ya tambi ndiyo mwanzo, usishibe nayo. Mume wangu alishiba, nyama ilipokuja akabaki kuitazama.

Mwambao_Malindi
Saa moja ikawa saa moja? Si niliwaambia pale Italia ni ya kwenye pasipoti tu.

Mwenge_Vinyago
Mzee wa Tabata, ukifika Ortisei nenda ukawaone wachongaji. Bonde lile wanachonga tangu karne ya 17, watakatifu wa miti waliomo kwenye makanisa ya nchi nyingi wametoka pale. Mimi nachonga Mwenge, nilipita huko nikitoka kwenye maonyesho. Gesti niliyolala, baba mwenye nyumba ana karakana yake chini ya ngazi. Mti wao ni msonobari wa huko juu, wanauita *cirmolo*, laini, mwepesi, una harufu nzuri hata vitanda wanatengenezea. Akanipa patasi nijaribu. Sasa mkono wangu umezoea mpingo, mpingo ukiupiga tezo unakujibu. Pale patasi ikazama kama kwenye sabuni, nikamng'oa Mtakatifu Yosefu ncha ya pua.

Lugha hatuna, mimi na yeye tunacheka tu. Kwenye begi nilikuwa na kinyago kidogo cha mpingo, nikampa ashike. Mkono wake ukashuka kwa uzito. Akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikaenda chini moja kwa moja. Akakitoa, akakitumbukiza tena. Halafu akatoka nje kuita majirani waje waone mti unaozama. Siku tatu nilizokaa pale kile kinyago kilikaa ndani ya ndoo, kila anayeingia anaonyeshwa. Nikamwachia.

Mambo ya viza na basi sijui, wenyeji wangu walishughulikia.

KakaTosa
Gesti ikishindikana kuna nyumba za masista, zinaitwa *casa per ferie*. Mimi nimekulia Tosamaganga kwa mapadre wa Consolata, shirika lililoanzia Torino mwaka 1901, na padre mmoja mstaafu ndiye aliyenitafutia moja milimani upande wa Piemonte. Safi, nafuu, geti linafungwa saa nne usiku, na sista halali mpaka awahesabu. Nilihesabiwa nikiwa na miaka 41.

Njoro_Dereva
Mkikodi gari muwe macho na herufi tatu: ZTL. Nilikuwa naifuata gesti yangu ndani ya mji mkongwe, nikaona kibao cha duara jekundu na hizo herufi, nikadhani tangazo la duka. Kumbe ni eneo la magari yenye kibali, na kamera imeshanipiga picha. Miezi minne baadaye barua ya faini ikanifuata mpaka Nakuru, na kampuni ya gari ilikuwa imekwisha kukata kwenye kadi yangu hela yake ya kutoa jina langu. Ningewapigia gesti mapema wangeniandikishia namba ya gari.

Septemba huna haja ya minyororo ya tairi. Lakini mwingine anayesoma hapa akienda kati ya 15 Novemba na 15 Aprili, tairi za theluji au minyororo ndani ya buti ni lazima kwenye barabara nyingi za huko. Kwa Ortisei hata hivyo ningepanda basi. Gesti nyingi za mkoa ule hukupa kadi ya mgeni, unapanda mabasi na treni za mkoa bure. Uliza kama yako imo.

mgumu_mstaafu
Mimi wa Marangu. Nimebeba mizigo Kilimanjaro, baadaye nikaongoza wageni, na mgeni wangu mmoja akanialika kwao. Nilikwenda Novemba kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi. Baada ya kufika ndipo nikaelewa kwa nini ilikuwa rahisi. Watembeaji wameondoka, watu wa theluji hawajaja, zile gari za kwenye nyaya zimesimama, gesti na mikahawa vimefungwa wenyewe wapumzike. Nimekula pizza siku tatu mfululizo kwenye mkahawa mmoja uliokuwa wazi. Septemba yako umechagua vizuri.

Gesti yenyewe ukutani ilikuwa na picha ya mwenye nyumba akiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895, kazungukwa na wagumu, ndio sisi wapagazi wa mlimani. Mmoja nikamtambua, jirani yetu kabisa. Nikasimama pale kwenye korido na soksi zangu nikamwangalia jirani.

Sasa kuna jambo hawajakwambia. Gesti nyingi za huko zina sauna chini. Nikavaa kaptula, taulo begani, nikafungua mlango. Wazee wanne, wanaume na wanawake, kama walivyozaliwa. Wakanisalimu kwa heshima zote, wakanisogezea nafasi. Nilirudi kinyumenyume mpaka ngazini. Baadaye mwenyeji wangu akanieleza kwamba kule kuingia sauna na kaptula ndiyo ukosefu wa adabu. Mama watoto mwandae.

Kipara_Ngoto
Lushoto hakuna mambo hayo.

MzeeWaTabata
Wakuu asanteni. Jana usiku nimemwandikia mama wa watu, na Kijerumani nimewekewa na programu ya kutafsiri. Tunafika Bolzano saa tisa alasiri, kwake kabla ya saa kumi na mbili. Mama watoto hali nguruwe. Naomba barua yenye majina yetu kamili, na *caparra* nitaituma viza ikitoka, kama ataniruhusu.

Kajibu asubuhi na mapema. Amekubali yote, na kadi ya basi tutaikuta chumbani. Anauliza mambo mawili tu: kama tunalalia mto mmoja mmoja au miwili miwili, na kama tutapenda atuwashie sauna siku ya kufika.

Nimemjibu la mito.